Daftari la Madeni

Mbele: Ogutu, unga, mia na ishirini.
Nyangweso, sabuni, atalipa Ijumaa.
Nyuma, kwa kalamu nyekundu,
nimejiandika mwenyewe:
mia na sitini na nane juu ya mia na mbili.

Nesi Jerotich, hapo Kondele, hakunigombeza.
Aliuliza tu omena naitia chumvi vijiko vingapi,
na usingizi wangu unavunjwa na deni la nani.
"Mdai huyu habishi hodi," alisema.
"Mlipe hata siku usipomsikia."

Basi alfajiri, kabla sijafungua dirisha la duka:
kidonge, maji ya mtungi, tiki.

Leo mia na thelathini na nane.
Sijamaliza kulipa.
Ogutu akija kukopa chumvi
namuuliza kwanza: wewe umepimwa lini?