Mfuko wa Mkate

Babu yangu Leizer alishonea watu wa Winnipeg makoti
miaka arobaini na sita, chumba cha nyuma,
dirisha likitazama reli,
na kila koti, liwe la mwalimu, la mchinjaji, la bwana harusi,
alilitia mfuko mmoja ambao hakuna aliyeuagiza:
ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto,
upana wa kiganja, kina cha nusu mkate.

Wateja walinung'unika.
"Fundi, hapa pametuna."
"Patalala," akajibu, pini zimejaa midomoni.
"Lakini wa nini huu?"
"Wa mkate."
"Mkate ninao nyumbani, fundi."
Akawatazama kama umtazamavyo mtoto
anayekuambia yeye hatakufa.

Kwao ni Będzin, uchochoro wa washona kofia.
Vita vilimkuta na miaka kumi na saba,
vikamketisha karakanani kulishonea jeshi
lililokuwa likiwamaliza watu wake.
Alishona vizuri.
Hilo lilimla kuliko njaa.
"Ningelegeza uzi," aliniambia siku moja,
mimi nachezea vipande vya chaki sakafuni,
"ningeuacha mshono ufumuke wakiwa thelujini.
Niliuagiza mkono ukosee. Mkono ukagoma."

Dada yake Perla alificha mkate ndani ya soksi.
Hapo ndipo alipokuwa akisita kila mara,
akitafuta mkasi
ulio mbele yake.
Mwisho wa ile soksi siujui.
Mama haujui.
Bibi Frejda aliujua, akaondoka nao.

Alikuja kwa meli, kisha siku tatu za treni,
na karatasi iliyoandikwa: mshonaji, mapafu mazima.
Kiingereza alikiokota kwenye malalamiko ya wateja:
inabana, inapwaya, ndefu, fupi, utamaliza lini.
Kikamtosha.
Uzeeni daktari akamuuliza, moyo unaendeleaje?
"Unabana," akasema, "hapa mabegani.
Ila kitambaa ni kizuri."

Alipofunga duka, watu wa mazishi wa sinagogi
wakamwomba awe anashona sanda.
Kitani cheupe. Kifungo hakuna. Uzi haupigwi fundo.
"Na mfuko?"
"Sanda haina mfuko, Leizer."
"Hata kadogo?"
Rabi akatikisa kichwa.
Babu alirudi nyumbani amenuna,
akanywa chai bila kuongea, glasi mbili, ya tatu,
halafu akavuta kiti kwenye cherehani.
Aliwashonea wazee wote wa mtaa wetu, mmoja mmoja,
wale wale aliowapima viuno walipokuwa vijana,
na hakuhitaji kuwapima tena.
Ya Frejda aliishona kwa mkono, usiku kucha,
akivua miwani, akifuta, akivaa, akivua.

Alikufa Februari, ana miaka tisini na sita.
Ardhi ilikuwa chuma; wachimbaji walikoka moto wa makaa
kutwa nzima, ndipo ikakubali kumfungulia.
Sanda yake tuliikuta kwenye droo, imekunjwa,
amekwisha kuishona zamani, hatujui mwaka gani.
Mama alinitazama. Nikamtazama.
Tuliwaza jambo lile lile, tukaona aibu,
hata hivyo tukaigeuza ndani nje,
tukapapasa chini ya kwapa la kushoto.

Hakuna mfuko. Alikuwa ametii.

Ila pale penyewe, juu ya kitani,
palikuwa na mistari ya chaki ya bluu:
upana wa kiganja, kina cha nusu mkate,
imepimwa, imenyooka, haijatiwa sindano.

Nje, mlango wa gari ulikuwa umeshafunguliwa,
wakatuita.
Mama akachukua brashi aifute.
Akaishika.
Akairudisha mezani.