Fito za Mierebi

Saa tisa usiku, Hebden Bridge.
Mvua haipigi bati hapa, inanong'ona kwenye vigae,
nami nasoma kina cha mto kwenye simu
kama anayepima homa ya mtoto:
mita moja nukta tano. Nukta sita.
Nukta sita.

Sitaki kusema naogopa.
Nasema nina kiu, nashuka ngazi,
nagusa zulia kwa kidole cha mguu. Kavu.

Wahenga walinionya kuhusu ufa na ukuta.
Ukuta halmashauri imeshaujenga, zege tupu,
na ufa umehamia kifuani pangu.

Nimepiga hesabu ya makosa:
tiketi mbili za ndege kwenda kumzika mama
(hizo sizijutii),
joto la nyumba, lile koti la tatu.
Hesabu haipunguzi maji.

Jumamosi Doreen wa nyumba ya chini,
ambaye mto ulimnyang'anya piano na picha za harusi,
ananipa buti za marehemu mumewe
na mzigo wa fito.
"Chomeka tu," anasema. "Mwerebi haubembelezwi."
Tunachomeka ukingoni, matope hadi magotini.
Mwanaidi anahesabu: arobaini na moja.
Mmoja ameupanda kichwa chini.
Tunauacha.

Usiku mvua imerudi.
Mita moja nukta saba.
Bado niko macho,
ila sikio nimelielekeza kule ukingoni,
kwenye giza, kwa ule uliopandwa kichwa chini,
kama utashika.