Saa Kumi na Moja, Oldham

Leo pia kanikosea jina. Mimi ni Aikaeli,
yeye huniita Keli, na siku akiamka vibaya
huniita lile neno ambalo sitaliandika hapa.
Namwinua mguu wa kushoto, nautia beseni.
Kucha zake ngumu kama pembe.
Dirishani mvua ya Oldham, ile isiyonyesha wala kukoma,
imekaa juu ya mapaa kama mgeni asiyeaga.

Bwana Clifford Entwistle, miaka themanini na minane,
mtoza madeni wa zamani, mitaa ya kilimani.
Kanisimulia mwenyewe: walibeba redio, birika, saa ya mjane,
na mara moja kitanda cha mtoto,
mtoto akaachwa amelala juu ya koti sakafuni.
"Ni sheria," husema. "Mimi nilikuwa mkono wake tu."

Leo hasemi sheria.
Anavitazama vidole vyake ndani ya maji
kana kwamba ni vya mtu mwingine, ananiuliza:
"Keli, huko kanisani kwenu,
watu kama mimi huingia, au mlango hufungwa?"

Jibu ninalo. Nilipewa nikiwa na miaka kumi na mitatu,
darasa la kipaimara, Mwika, juu ya benchi lenye misumari.
Mwinjilisti alichora njia mbili ubaoni,
moja pana, moja nyembamba kama uzi,
na kwenye ile pana akaandika majina ya watu tuliowajua.
La kaka yangu halikuwamo bado.

Ndelilio.
Walimtenga kwa ajili ya pombe,
na mwanamke aliyeishi naye bila ndoa.
Akafa kabla hajarudishwa kundini.
Tulimzika bila kengele.
Wazee wa kanisa walisimama ng'ambo ya mfereji,
kofia mikononi, hawakuvuka.
Mama aliimba peke yake mpaka sauti ikamkauka,
nami nikashika koleo.

Miaka ishirini na mmoja namwuliza Mungu swali moja,
jikoni, kwenye basi la alfajiri, nikitandika vitanda vya watu:
mfereji ule ulikuwa wako, au wetu?

Mshale wa saa ukutani umefika kwenye tano.
Kwetu hiyo ni kumi na moja,
saa ya kibarua anayekuja jua limeshachoka.
Mimi niko hapa tangu kumi na mbili asubuhi, mgongo unaniuma,
na sitadanganya: kuna kipande changu kinachotaka alipe,
kitanda kwanza, kisha lile neno,
senti kwa senti, kama alivyowatoza wenzake.

Basi daftari zifunguliwe. Zote.
Yake, na yangu (nisiulizwe), na ya mwinjilisti,
na za wale wenye kofia.
Atasalia nani? Deni litasalia,
na mtoza madeni mmoja mkubwa huko juu.
Huyo simjui.
Ninayemjua alivuka.
Sikumwona siku ile, machozi yalinizuia,
lakini koleo lilikuwa jepesi kuliko udongo uliokuwamo,
na ni nani mwingine angekuwa ameshika mpini pamoja nami
huku matope yakimfika magotini?

"Mlango," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kukwaruza,
"sijawahi kuuona umefungwa.
Nimeona watu tu, wakiusukuma."

Akanyamaza. Gari la taka likapita, likarudi.
"Na yule mtoto? Ataingia naye?"
"Ataingia."
"Tutaonana?"
"Mtaonana."

Akafumba macho.
"Hilo ndilo ninaloliogopa."

Nikamkausha kidole kimoja kimoja, hata kile kilichopinda,
nikauchukua mguu wa kulia.
"Maji yamepoa, Keli," akasema.

Nikaenda kuongeza ya moto.