Vitalu

Mwaka ule mto ulipogeuka rangi ya chai ya maziwa
miche yangu elfu mbili ya tufaha ilikufa wima,
majani yakiwa bado shingoni.

Niliandika maneno arobaini. Niliyahesabu.
Jina la kiwanda, tarehe, bomba la tatu kutoka darajani,
na picha ya samaki mmoja, tumbo juu.
Nikayabandika pale majirani wanapouziana magari na paka.
Saa tisa alasiri yalikuwepo.
Saa tisa na robo yamefutwa,
kama mtu apanguzavyo mvuke kwenye kioo cha basi.

Nikaandika tena. Yakafutwa tena.
Mara ya tatu akaja Serikbol wa manispaa, mtu mpole,
akavua kofia, akanywa chai yangu bakuli tatu,
akaniuliza kama pensheni inafika kwa wakati.

Mpwa wangu Erkebulan hurekebisha simu sokoni,
chini ya ngazi, mahali pa stuli moja.
Akasema, Shangazi, tuyaweke kwenye vitalu.
Nikacheka. Vitalu mimi ninavijua:
samadi, mchanga wa mtoni, kivuli, maji kwa kipimo.
Hivi ni vingine, akasema.
Kila kitalu hubeba alama ya kidole ya kilichokitangulia;
ukichezea kimoja, vyote vya nyuma yake vinapiga kelele.
Na shamba lenyewe halina uzio:
kipande kiko Busan, kipande Tallinn, kipande
chumbani kwa mwanafunzi asiyelala huko Montevideo.
Atakaye kufuta neno lako
abishe hodi milango yote hiyo kwa usiku mmoja.

Vyote pamoja huitwa mnyororo, akaongeza.
Neno hilo likanikaa vibaya.
Babu yangu aliuvaa mnyororo, miaka saba, kaskazini,
kwa utani alioutoa harusini.

Hata hivyo tulilipa ada,
bei ya kilo mbili za nyama ya farasi,
na maneno yakaingia. Arobaini na moja.

Hilo moja niliongeza mwishoni, kwa hasira:
jina la Tolegen, mlinzi wa lango,
niliyeapa kwamba bomba alilifungua kwa mkono wake.

Dunia ikayasoma.
Hapana, si dunia. Watu mia mbili na sita.
Lakini mmoja wao alikuwa na rafiki mwenye maabara,
na wapimaji wakaja na chupa zao,
na Serikbol hakujua amnyang'anye nani nini.
Mto ukarudi kuwa mto. Karibu.

Ndipo ikajulikana: usiku ule Tolegen alikuwa hospitalini,
kwenye benchi la ukumbi, mkewe akijifungua.

Nikakimbia mpaka chini ya ngazi.
Futa, nikamwambia Erkebulan. Neno moja tu, la mwisho.
Akaweka bisibisi chini, taratibu,
kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Sikuwahi kudhani kuna watu wangekaa kitako
wakayabuni maji ya namna hiyo makusudi,
na kwamba mimi ningeyalipia.

Kufuta hapana, akasema. Kuongeza, ndiyo.

Nikauza sufuria ya shaba.
Kitalu kipya, mbali mno na kile cha kwanza:
*Tolegen hakuwepo. Nilikosea.
Raushan, mkulima wa miche.*
Yapo huko yote mawili,
na katikati yake maelfu kwa maelfu ya vitalu
vya watu wanaouziana visivyoshikika.
Atakayelisoma la kwanza, nani atamvusha hadi la pili?

Wa manispaa walinifutia ukweli.
Hawa wangu hawanifutii hata uongo.
Bado nawachagua hawa. Nasema bila furaha.

Jana Tolegen alipita, mtoto begani.
Hakunisalimu. Alichagua mche mmoja,
akalipa sarafu kamili,
kisha akaugeuza, akaitazama mizizi
kwa muda mrefu.