Ripoti ya Mwaka

Verna Kangas anajumlisha mwaka kwa kalamu ya risasi.
Nje, Ziwa Superior limeganda,
theluji imepanda hadi kwenye kingo ya dirisha.

Hospitali nne. Zahanati kumi na moja.
Helikopta moja, isiyoruka upepo ukikasirika.
Waliozaliwa: mia tatu na sita,
mmoja wao ndani ya lori la kukwangua theluji,
kilomita mbili kabla ya mlango wetu.
Dereva, Toivo Rautio, aliomba ahesabiwe mkunga.
Verna hakupata safu ya kumwandika.

Waliosafishwa figo. Waliofungwa plasta.
Bakuli za supu ya njegere zilizopelekwa majumbani
kwa wasioweza tena kushuka ngazi.

Madeni yaliyofutwa.
Hapa kalamu inatua.
Kati ya hayo, moja ni la mumewe:
siku kumi na tisa kwenye kitanda cha dirishani,
kisha bahasha, na ndani yake neno moja,
*imesamehewa*.
Hakujua amshukuru nani.
Nyumba hii haina mwenyewe, aliambiwa;
kinachobaki kinarudi kuwa blanketi,
kinarudi kuwa mshahara wa muuguzi wa usiku,
yule aliyemkata Eino kucha bila kuombwa.

Bodi inataka ukurasa mmoja, wenye picha.
Verna anaandika, anafuta, anaandika.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
panapokaa jina la mpiga chapa,
anaongeza:

Wakunga wa lori: mmoja.