Bilinganya wa Kalunde

Jumatatu, saa mbili kasoro, Isevya.
Mama Shija anamwaga kapu juu ya mkeka:
nyanya nane, ngogwe za kutosha, bamia za kushika mkononi,
karoti zenye udongo bado masharubuni,
na bilinganya moja, jeusi, linang'aa
kama kiatu cha mkaguzi.

"Chezeni. Ila saa nne nazitaka.
Hizi ni mboga, si midoli."

Watoto tisa. Mkubwa wao hajatimiza minne.
Nasema: nyekundu huku, kijani kule.
Ngassa anatia zote kwenye beseni la maji,
kisha anaingia mwenyewe,
mtu na soksi zake.
Doto anauma ngogwe, anakunja uso,
anaitazama kama imemtukana,
anauma tena, apate uhakika.

Bamia tunakata vipande,
tunachovya kwenye udongo mwekundu uliokorogwa,
tunagonga. Karatasini, gotini,
ukutani palipopakwa chokaa juzi.
Kila pigo linaacha nyota ya pembe tano,
na hapo ndipo hesabu zetu zinapoanzia:
moja, mbili, tano, tano, tano.

Saa nne. Bilinganya halipo.

Kalunde yupo, pembeni, nyuma ya mlango,
kajifunga kipande cha kanga, mgongo umetuna,
kikonyo cha kijani kinachungulia begani.
"Shh," ananiambia. "Amelala."

Nilitaka kumsahihisha. Limelala, mwanangu.
Nimesomea, najua ngeli.
Lakini treni ya Mpanda ikapiga honi kule stesheni
na yeye akarudisha mkono mgongoni,
akampigapiga taratibu, asishtuke.
Ngeli ikanishinda.

Siku hiyo mchuzi ulipikwa bila yeye.

Jumanne akaogeshwa.
Jumatano akalishwa mlenda; mlenda ukakataa kukatika,
ukatoka kwenye kijiko hadi kwenye nywele za Doto
na hakuna aliyelia, maana ulikuwa kamba, na kamba huvutwa.
Alhamisi tukafungua zahanati, sindano ikawa karoti,
mimi nikawa muuguzi mkali.
Akadungwa. Kalunde akalia kwa niaba yake.

Jumatatu iliyofuata ngozi ilikuwa imenywea,
mikunjo imezunguka shingo.
Kalunde akamgeuza huku, akamgeuza kule.
"Amekuwa bibi," akasema,
kama mtu anayesema mvua imekatika.

Mama Shija akaja na kisu. Moyo wangu ukaruka.
"Sogea, tumwone bibi tumboni."
Akapasua.
Ndani mlijaa mbegu, safu kwa safu, za rangi ya chai.
Watoto wote wakaleta vichwa, nikakosa mwanga.
Kalunde akaweka kidole. Hakukitoa upesi.
"Watoto," akasema.
Akaanza kuwahesabu:
moja, mbili, tano, tano, tano.

Tukachukua ndoo ya asali iliyopasuka,
tukatia mchanga, samadi, na majivu ya jikoni.
Kila mmoja akapanda kidogo.
Ngassa akapanda soksi.
Mama Shija akaninong'oneza huku anakung'uta mikono:
"Lilichumwa changa hili. Halioti kitu."
Nikasema najua.
Maji ya kuoshea mboga tukayamwaga humo kila siku,
na kila siku Kalunde akatuambia shh.

Siku ya kumi na mbili, shingo moja ilijitokeza,
imeinama, bado imevaa ganda kichwani.
Ikanyooka. Ikatoa majani yenye meno.
Mama Shija akachuchumaa, akasugua jani moja, akanusa vidole.
Nyanya.
Akanitazama. Nikamtazama.
Kalunde katikati yetu, anapumulia mdomo, anasubiri.

"Kafanana na baba yake," Mama Shija akasema,
akainuka, magoti yanalia,
akaenda kutafuta kijiti cha kumwegemeza.