Mshono wa Akiba

Gauni la kijani la Mwalimu Truphosa
nimelifumua mara tatu.
Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kifunguamimba,
na veranda yote hii ya soko la Kakamega ikampongeza:
umenawiri, Lurambi imekukubali!
Nami nikampongeza, uzi ukiwa menoni.

Fundi hodari haachi kitambaa kiishie mshononi.
Huficha inchi mbili ndani, kila upande,
kwa sababu mtu hakai alivyo.
Hiyo tunaiita akiba.
Sikujua kwamba mwili nao una cherehani yake,
unashona usiku, hauombi hata arubuni.

Leo amekuja na kikaratasi cha zahanati
amekikunja mara nane kama noti ya harambee.
"Dada Mideva, nesi ananihesabia.
Eti chapati ina kalori. Eti chai ina kalori.
Hata avokado ya kwetu, iliyojiotea nyuma ya choo!
Na mimi sijaongeza chakula, naapa.
Nakula nilivyokula zamani."

Nikamwambia simama wima.
Nikazungusha futi kiunoni,
namba ikapita pale ilipokuwa Desemba.
Sikuisema. Fundi husoma, hatangazi.

Lakini ukweli alikuwa ameusema mwenyewe:
anakula alivyokula zamani.
Zamani ile alipokwenda shuleni kwa miguu,
kushuka hadi Isiukhu alfajiri, kupanda jioni
na madaftari ya darasa la sita begani.
Kisha ikaja bodaboda ya Shivachi, mlangoni kabisa,
shilingi hamsini, hata umande haugusi kiatu.
Miguu ikapumzika.
Sahani haikuambiwa.

Kalori, nionavyo mimi niliyeishia darasa la saba,
ni ukuni.
Mama alichanja kuni kuzidi ugali wa siku,
zilizobaki akazipandisha darini, juu ya moshi,
zingoje mvua ndefu.
Hakuna aliyemwita mlafi.
Aliyajua majivu baridi ya asubuhi, basi.
Mwili ni mama yangu.
Unachanja, unapanga, unapandisha,
kiunoni, mgongoni, chini ya kidevu,
ukingoja njaa ile ya gorogoro
ambayo haijapita njia hii tangu tukiwa wasichana.
Njaa haikuja. Dari limeanza kulalama.

Na kijiko kimoja cha sukari kilichozidi?
Ni uzi mmoja. Nani aliwahi kuona uzi mmoja?
Mimi. Kazi yangu yote ni uzi mmoja, na mwingine.

"Sasa nikikonda," akauliza, "watu watasema nini?"

Hapo nilinyamaza.
Kwa sababu lipo kabati, na ndani ya kabati
limo gauni la zambarau la Kadenyi, Mungu amrehemu,
ambalo sikulifumua. Nililibana.
Nikalibana Machi, nikalibana Juni,
nikalibana tena, na hakuna aliyeuliza kwa sauti.
Miaka ile aliyekonda alizikwa kwa ndimi kwanza.
Ndipo tukajifunza kuupenda unene
kama mtu anavyopenda kelele za watoto:
ushahidi kwamba nyumba bado ina watu.

Nesi hana hilo kwenye karatasi yake.
Wala futi yangu haipimi presha.

Nimefumua, mara ya nne.
Imebaki robo inchi.
Nikamwonyesha kwa ncha ya wembe:
"Hapa, Mwalimu, ndipo kitambaa kinapoishia."
Akapatazama kwa muda.
Kisha akauliza kama njia ya mtoni
siku hizi ina matope.
Nikasema ina matope.
Akavua viatu vyake vya kisigino, akaviweka kando ya cherehani,
akaomba nimwazime ndara.
Zangu zimelika upande mmoja.
Amezichukua hivyo hivyo.